Kona za Shangazi

Nyumbani walimwita Injinia hata kabla hajapata nafasi ya chuo, na yeye hakuona sababu ya kuwakatalia. Si alikulia kwenye gereji ya shangazi yake? Si aliijua spana namba kumi na tatu kwa kuishika tu, amefumba macho? Basi alipoingia mwaka wa kwanza wa uhandisi wa mitambo, akawatazama wenzake kumi na mmoja wa kundi la karakana kwa huruma ya binti aliyeona mengi. "Msiwe na wasiwasi," aliwaambia. "Mkikwama niulizeni."

Wa kwanza kukwama alikuwa yeye. Hesabu zilimpiga chenga wiki ya kwanza, na kwenye darasa la michoro alichora boliti ikatoka uyoga. Yote hayo aliyameza, maana karakana ilikuwa haijaanza, na huko ndiko angewaonyesha.

Karakana ikaanza. Mwalimu wake, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee Milimita, alimpa kila mmoja kipande cha chuma na tupa ya kukisugulia, akawaonyesha jiliwa za kukibania mezani. "Pande zote sita, milimita thelathini," alisema kwa upole unaotisha. "Kwa mkono. Wiki nne. Atakayeshindwa hakanyagi mwaka wa pili."

Injinia akakunja mikono ya shati. Alisugua upande mmoja, ukainamia kushoto. Akaurekebisha, ukainamia kulia. Akarekebisha marekebisho. Kufikia wiki ya pili kipande kilikuwa na milimita ishirini na sita na bado kinakonda, na hapo akalazimika kukumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kule gereji kazi yake ilikuwa kushika tochi. Shangazi alifungua, Shangazi alifunga, yeye alimulika. Siku hiyo alijiona mwongo, na ikamuuma kweli.

Mtu mwingine angekiri. Yeye aliomba kipande kipya stoo, na Jumamosi akaenda nacho gereji.

"Shikamoo, Shangazi. Chuo kimenituma kwako."

"Marahaba. Chuo? Kinataka nini kwangu?"

"Wanatengeneza mashine ya utafiti. Wanataka vipande vya mkono safi. Nikawaambia fundi ninayemjua mimi ni mmoja tu."

Uongo ulinyooka kuliko chuma chochote alichowahi kusugua. Shangazi alifuta mikono kwenye ovaroli, akakipokea kile kipande, akakigeuzageuza. Kisha akaizima redio yake, na redio ile huwa haizimwi.

Kipande kiliporudi chuoni, wenzake walikiona. Walibembeleza awapelekee na vyao, wakambeba juu juu, mmoja akajitolea kumfundisha hesabu mpaka mwisho wa muhula. Jumamosi iliyofuata Injinia alifika gereji na begi linalomkata bega. Shangazi akamtangazia kinyozi, akamtangazia muuza vipuri, akamtangazia hata mteja aliyekuja kujaza upepo tu: "Chuo kikuu kimenipa kazi." Alisugua vipande vyote kumi na viwili kwa mkono wake.

Siku ya kukusanya, Mzee Milimita alivipanga mezani akaanza kupima. Thelathini. Thelathini. Thelathini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye kona za kila kipande, taratibu.

"Niliwaambia milimita thelathini," alisema. "Sikuwaambia mpunguze makali ya kona. Hizi zimepunguzwa kidogo kidogo, kwenye vipande vyote kumi na viwili, ili zisimkate mteja. Nyinyi mna wateja?"

Alikirudisha kipande cha mwisho mezani.

"Mkono huu ni mmoja, na si wa jana. Ni wa nani?"

Jozi kumi na moja za macho zikamgeukia Injinia, wala hakuna hata mmoja aliyechelewa.

"Wa shangazi yangu, Mwalimu."

"Mlete kesho."

Njia nzima alijipanga amwambie Shangazi ukweli. Alipofika, ulimi ukagoma, akasema tu kwamba anaitwa chuoni. Kesho yake Shangazi akaja amepiga ovaroli pasi, kitambaa kipya kichwani. Alidhani ameitwa kushukuriwa.

Mzee Milimita alimweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze na jiliwa zake.

"Kwa hiyo hakuna mashine," Shangazi alimuuliza.

"Hakuna, Shangazi."

"Na mimi nimeshawaambia watu."

Injinia alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hayo maneno manne hakuwa amejiandaa, akalia mbele ya kundi zima, kamasi na yote.

Mzee Milimita aligawa vyuma vipya. Leo kila mtu asugue upande mmoja tu, alisema, hapahapa, unyooke. Anayepita atapewa wiki nne nyingine, na asiyepita akafungashe mizigo. "Na wa kupima ni huyu mama. Hii sasa ni kazi ya chuo kweli, kama utakubali."

Shangazi alikubali. Alizunguka kati ya jiliwa, akishusha kiwiko cha huyu, akimsogeza yule mguu. Walipomaliza akapita na rula ya chuma, akiilaza juu ya kila kipande na kukiinua dirishani aone kama mwanga unapenya chini ya rula. Pita. Pita. Haya, pita. Alipofika kwa Injinia akatazama kwa muda.

"Rudia."

Alirudia. "Rudia." Wenzake walishavua ovaroli, wanachekea mlangoni. Alirudia mpaka viganja vikatoka malengelenge, akampelekea mara ya nne.

"Rudia."

"Lakini Shangazi! Cha yule kinapenyesha mwanga wa kusomea gazeti, na umempitisha!"

"Yule si wa kwangu," alisema Shangazi, akavuta kiti, akakaa kumsubiri.