Doti Moja, Wake Wawili

Msimu mzima nilifua nazi katika shamba la tajiri mmoja karibu na Kirongwe. Kama hujawahi kusimama mbele ya kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa ardhini, ukaikita nazi na kuisokota mpaka makumbi yatoke, kisha ukachukua nyingine, basi usiniambie kitu kuhusu kazi. Nilipolipwa nilizitia rupia zangu kibindoni nikaondoka kifua mbele.

Fedha hizo zilikuwa na shughuli yake. Baada ya mfungo ningeoa, na kwa kuwa mchumba wangu alikuwa mtoto wa pekee, tulikubaliana nihamie kwao, kijiji cha jirani. Bibi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, angebaki peke yake. Kwetu bibi na mjukuu ni watani: yeye aliniita mume wake, mimi nikamwita mke wangu, na hakuna aliyekasirika. Tangu posa ilipokubaliwa, utani wake ulikuwa mmoja tu, kwamba mume wake anamwacha bila talaka wala nguo. Alisema akicheka, lakini nilimjua. Alikuwa ameanza kupika chakula kingi kuliko tulivyoweza kula, kama mtu anayetaka wageni, na nilipoona sufuria zile roho iliniuma.

Nikavuka ghuba kwenda Chole, maana wakati ule maduka yalikuwa huko, ili nimnunulie kanga. Mchumba naye ilibidi apate yake. Taabu ni kwamba fedha zilitosha doti moja nzuri tu, au mbili hafifu ambazo zingechuja zikifuliwa mara ya kwanza.

Kabla ya kuingia dukani nilinunua halua. Kipande cha kwanza kilinifumba macho. Cha pili kilikuwa kitamu. Cha tatu nilikila kwa sababu nilikuwa nimeshakilipia. Nilipokuwa nalamba vidole nikajiona nimepata elimu kubwa: kitu kikizidi kwa mtu mmoja hupungua utamu, kwa hiyo afadhali kugawa. Kanga ya kwanza ndiyo yenye furaha, ya pili ni ile halua ya tatu. Kwa nini mwanamke mmoja apewe mbili?

Mwenye duka, Mhindi mzee mwenye miwani, alinitandikia doti nyekundu yenye madoa meupe, na mimi nikamwambia aikate katikati, nusu ya mtu huyu na nusu ya yule. Aliuweka mkasi chini. Akanieleza kwa upole kwamba yeye anauza nguo tangu sijazaliwa, na kwamba kanga moja si nusu ya doti, ni kitambaa tu: moja hufungwa kiunoni, nyingine hutandwa kichwani, na ukiondoa moja mwanamke hajavaa. Nilikuwa kijana mwenye hasira za karibu. Nikamjibu kwamba kazi yake ni kukata, si kunifundisha wanawake. Akakata.

Bibi aliipokea yake kwa vigelegele. Mama mkwe aliipokea ya binti yake kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku. Nikajiona mjanja kwelikweli.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na maulidi kijijini kwa mchumba wangu. Yeye alikuja kiunoni amefunga kanga yangu na kichwani amejitanda kaniki kuukuu. Bibi alikuja kichwani amejitanda kanga yangu na kiunoni amefunga kaniki kuukuu. Wanawake wakamtazama huyu, wakamtazama yule. Mwanamume anayewavisha wanawake wawili nguo sawa ana wake wawili, tena ni muadilifu. Mmoja akauliza mke mkubwa ni yupi, na kicheko chao kikatufikia sisi wanaume upande wa pili wa ua.

Mama mkwe hakucheka. Kesho yake aliniita, akaijibu shikamoo yangu kwa marahaba fupi, akasema binti yake hakuposwa awe mke mwenza wa kikongwe. Mwanamume anayetoa nusu ya nguo leo, alisema, kesho atatoa nusu ya chakula. Kanga itarudi, na posa inaweza kuifuata. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipomsimulia bibi, kwa mara ya kwanza hakunitania. Aliikunja kanga yake, akaitia kwapani, tukaenda pamoja. Pale barazani aliiweka mbele ya mama mkwe akamwomba aichukue, msichana apate doti nzima, kwani mzee kama yeye hana pa kuivalia. Uongo mtupu. Alikuwa hajaivua tangu siku niliyompa.

Mchumba wangu alikuwa nyuma ya mlango, kwa kuwa hakuruhusiwa kukaa mbele yangu. Sauti yake ikatoka ndani.

"Bibi, wake wenza hawanyang'anyani. Tushike zamu. Ijumaa hii yako, ijayo yangu, na mwenye zamu avae zote mbili."

Bibi akafikiri. "Na nani atakuwa anaipeleka?"

"Aliyemaliza zamu ataipeleka mwenyewe, na atakula huko huko."

Mama mkwe aliuma midomo, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi. Posa ikabaki mahali pake.

Basi tulipooana, kila Ijumaa ile doti ilisafiri. Wiki hii mke wangu aliibeba kwenda kwa bibi, wiki ijayo bibi aliileta kwetu, na sufuria kubwa za bibi zikapata walaji. Nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Msimu uliofuata nilipata fedha nzuri. Nikanunua doti mbili kamili, na yule mzee wa duka akaniuliza kwa adabu kama akate. Nikawapa wanawake wangu kila mmoja yake, nikatangaza kwamba zamu zimekwisha, hakuna tena wa kutembea juani kwa ajili ya nguo. Walinishukuru sana. Ijumaa ya kwanza ikapita kimya, na ya pili vilevile.

Ijumaa ya tatu, jua kali, bibi akaingia uani amevaa kaniki zake, na kichwani amebeba ile doti ya zamani, imefuliwa na kukunjwa, wekundu wake umefifia. Mke wangu akaipokea bila kuuliza, akaenda kupakua chakula. Mimi ndiye niliyeuliza kama ile mpya ina kasoro.

"Nzuri, mume wangu," bibi alisema. "Nimeivaa Ijumaa mbili, na hakuna aliyekuja kuidai."

Wiki iliyofuata tuliirudisha ile kuukuu, mke wangu na mimi, na tulimkuta amepika chakula cha watu kumi.