Dambeli ya Mama Filimbi

Mke wangu alifundisha mbwa wa ulinzi mpaka ugonjwa ulipomlaza. Kazini walimwita Mama Filimbi, kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni. Hata kitandani ilibidi nimkumbushe aivue. Mimi nilikuwa fundi rangi. Mbwa sikuwapenda, na mpaka leo siwapendi.

Alianzia kwenye ufagio. Kampuni ilimwajiri afagie mabanda na kuwapikia mbwa. Uwanja wao uko nyuma ya ghala: ukuta wa matofali, vibanda vya waya, sakafu ya saruji na bomba linalovuja. Mwalimu wa wakati ule alikuwa askari mstaafu mwenye fimbo. Akiwepo, mbwa walimtii. Akigeuka, walimtii mfagiaji. Walinzi wakamcheka mke wangu, wakasema amekosa mume wa kumwamrisha ndiyo maana kaenda kwa mbwa. Akawajibu kwamba mume anaye, ila mbwa wanasikia mara ya kwanza. Walinzi wenyewe ndio walionisimulia. Nilicheka, maana ni kweli.

Askari alipoondoka, kazi ikawa yake.

Jambo aliloshikilia kuliko yote ni dambeli. Ni kijiti chenye kichwa kila upande, kama vile vya wanyanyua vyuma, ila kidogo. Unakitupa, mbwa anakifuata, anakiokota, anakileta, anakaa mbele yako na kukishikilia mpaka umwambie aachie. Watu waliona ni sarakasi. Yeye alisema mbwa asiyejua kuachia kijiti hataachia mguu wa mtu, na huyo si mlinzi, ni kesi inayosubiri hakimu. Kampuni ikamwelewa. Tangu hapo mbwa asiyepita jaribio la dambeli hapewi zamu.

Kila dambeli aliichagua mwenyewe. Alikuja nazo nyumbani, akainama jikoni na kuzing'ata moja moja, mikono mgongoni, macho yakitazama mbele. Nikamuuliza anaonja nini. Akasema anataka kujua mbwa ataona nini akiwa nayo mdomoni. Mke wangu alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mbwa wake wa mwisho alikuwa Tarishi. Alimpa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alizunguka na mizigo ya watu: kofia ya mlinzi, kiatu, kopo la maji. Akamnunulia dambeli ya mti, akamwanzisha. Halafu akaugua. Ugonjwa ulikuwa mrefu. Kazi akaishika mtu aliyefundishwa naye, wanayemwita Kocha. Halafu mke wangu akafa.

Baada ya mazishi Tarishi akagoma kubeba. Anakimbia vizuri, anaifikia dambeli, anaiinua kidogo, anaiachia, anarudi mdomo mtupu huku analia. Kocha akasema mbwa anaomboleza. Walinzi wakasema hivyo hivyo. Meneja wa kampuni akampiga picha amelala kando ya dambeli, akawatumia wateja. Habari ikazagaa. Watu nisiowajua wakawa wananisimamisha njiani kuniuliza kama yule mbwa ameanza kula. Binti yangu, anayeishi mji mwingine, akapiga simu, na swali lake la kwanza likawa Tarishi yukoje. Nikamwambia mimi sijambo. Akasema, "Baba, usinichukulie hivyo." Nikakata simu.

Shuka la mke wangu lilikuwa bado kitandani. Sikuwa nimeligusa. Na kila aliyefungua mdomo alikuwa anampa pole mbwa.

Jioni moja Kocha akaja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayedaiwa. Akasema Meneja amechoka kulisha mbwa asiyefanya kazi. Tarishi asipopita jaribio mwisho wa mwezi, atauzwa kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Yadi hiyo naijua, geti lake nililipaka rangi mimi. Mbwa wa pale hufungwa kwenye nguzo kwa mnyororo mfupi, jua lake, mvua yake, mpaka afe. Niliyemkuta siku hizo alikuwa ameota sugu shingoni.

Kocha alitaka niende uwanjani.

"Mzee, ukija atanusa nguo zako," akasema. "Atapata faraja kidogo."

"Na mimi ninuse nani?"

Akasimama, akaaga. Sikumsindikiza.

Nilikwenda, lakini si kwa sababu ya faraja ya mbwa. Tarishi alikuwa kazi ya mwisho ya mke wangu. Sikutaka kazi yake iishie kwenye nguzo ya mtu wa vyuma.

Pale uwanjani Kocha akatupa dambeli. Tarishi akaenda, akaigusa, akaiachia, akarudi analia. Kocha akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mimi damu ilinipanda. Nilichokiona ni jeuri. Nikamwambia Kocha kwamba nitanunua dambeli mpya ambayo marehemu hajawahi kuigusa, tuone kama ni kilio au ni kiburi.

Duka nililokwenda linauza dawa za mifugo. Nyuma, ukipita dawa za kupe, kuna kola, minyororo na vitu vya kufundishia mbwa. Mama wa duka alikuwa na miwani juu ya paji la uso na kalamu sikioni. Nikamwambia nataka dambeli. Akapanga mezani za chuma, za plastiki, za mti, kubwa na ndogo, akaniuliza mbwa wangu yukoje. Nikamwonyesha kwa mkono, usawa wa paja.

"Kwani ataibeba kwa mgongo, baba? Nauliza mdomo."

"Mdomo ni mdomo."

"Basi na kiatu ni kiatu. Nikupe cha mwanangu?"

Akakata kipande cha kamba, akaniambia nikaipitishe chini ya mdomo wa mbwa, nyuma ya chonge, toka ukingo huu wa mdomo mpaka ule, niweke fundo, nirudi. Nikasema nina hela yangu mkononi, aniuzie. Akasema hauzi. Ikimshinda mbwa, nitarudi kumletea maneno dukani, na maneno anayo ya kutosha. Nikatoka nimeubamiza mlango. Kamba nilikuwa nayo mkononi.

Nikarudi uwanjani vilevile nilivyo. Nikakibana kichwa cha Tarishi kwapani, kama ninavyobana kopo nikiwa juu ya ngazi, nikapitisha kamba. Kidole changu kikagusa kona ya mdomo. Akapiga kelele, akajivuta, lakini hakuniuma. Nikainua mdomo wa juu. Kulikuwa na kidonda, nyama nyekundu imepondwa kwenye jino. Nikatazama upande wa pili. Huko kulikuwa na kingine, kina usaha.

Nikamalizia kupima, nikafunga fundo. Kisha nikaokota dambeli na kuinyoosha kamba kati ya vichwa vyake viwili. Kamba ikazidi.

Haikuhitaji msomi. Ile ilikuwa dambeli ya mtoto. Kila Tarishi alipoiinua, vichwa vilimbana midomo kwenye meno. Mke wangu aliinunua mbwa akiwa hajakomaa taya, na angekuwa mzima angeibadilisha. Yeye alikuwa kitandani. Taya halikumsubiri.

Kocha akakaa chini palepale kwenye saruji. Akasema walidhani ni msiba. Nikamwambia Mama Filimbi angekuwa amefungua mdomo wa mbwa kabla hajafungua wa kwake. Akakubali. Hilo nalo likaniudhi, maana nilitaka anibishie.

Halafu likaja jambo nisilolitegemea. Muda wote ule nilikuwa nimemchukia mbwa kwa kuomboleza. Sasa nikamchukia kwa kutoomboleza. Nilidhani tuko wawili. Kumbe niko peke yangu.

Nikarudi dukani. Mama wa duka hakuutaja mlango. Alinipa dawa ya vidonda kwanza, akasema mbwa asiguse dambeli yoyote mpaka apone. Kisha tukachagua. Ya chuma niliikataa mwenyewe, ilikuwa baridi na nzito. Ya plastiki akaidondosha sakafuni, ikaruka mpaka kwenye ndoo. Akasema kwenye saruji itamgonga mbwa usoni, na aliyeumia mdomo mara moja hapaswi kuumia mara ya pili. Zikabaki za mti.

Akaweka kamba yangu kati ya vichwa. Ikawa lazima ibaki nafasi ya unene wa penseli kila upande. Ikipungua itambana, ikizidi itayumba mdomoni na kumgonga meno. Kisha akaweka dambeli mezani na kupitisha vidole viwili chini ya kijiti, kwa sababu taya la chini linahitaji kupita hapo. Vichwa vikiwa vifupi mno mbwa atakwangua sakafu, vikiwa virefu mno vitamziba macho. Akanipa moja iliyotimiza yote hayo, nyekundu, inang'aa.

Nikaikwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka.

"Hii ataimeza," nikasema. "Nipe isiyopakwa."

"Haya, mwalimu."

Akaniletea nyingine tupu. Nikapitisha kidole gumba, haikuwa na vibanzi. Bado sikuwa na uhakika. Nikaitia mdomoni, nikaing'ata, nikatazama mbele. Niliona mlango, na barabara, na watu. Mama wa duka akashusha miwani kutoka kwenye paji, akanitazama sana.

"Kuna mama alikuwa akija kufanya hivyo hapa," akasema.

Nikatoa dambeli mdomoni. Nikamwambia ni mke wangu, na tumeshamzika.

"Pole, baba."

Habari ya mbwa hakuitaja.

Vidonda vilipona, Kocha akaanza naye upya polepole. Siku ya jaribio nikaenda. Meneja alikuwa amewaleta wateja wawili, wamevaa vizuri, na ameshika simu tayari. Kocha akatupa dambeli mpya. Tarishi akaenda mbio, akaichota, akarudi nayo kichwa juu, akakaa. Akaishikilia. Kocha akamwachia muda mrefu makusudi, mbwa hata hakutafuna. Akaambiwa aachie, akaachia. Mkia ulikuwa unafagia saruji. Watu wakapiga makofi.

Meneja akaanza kujirekodi kwa simu yake. Akasema wapendwa wateja, huyu ndiye mbwa aliyemwombolezea mwalimu wake, na leo, kwa upendo wa kampuni yetu, amekubali kurudi kazini. Nikaenda nikasimama mbele ya simu.

"Zima hiyo."

"Mzee wangu, ni kwa heshima ya marehemu."

"Mbwa hakuomboleza. Alikuwa na vidonda mdomoni na hakuna aliyemwangalia. Marehemu angewafukuza wote uwanjani hapa. Anayeomboleza ni mimi."

Sikupaza sauti. Haikuwepo ya kupaza. Meneja akashusha simu. Wale wageni wakawa wanausoma ukuta, na ukuta hauna maandishi. Hakuna aliyesema pole, nami nikashukuru, maana angeisema wakati ule ningempiga.

Nikamuuliza Meneja habari ya yadi ya vyuma. Akasema, sasa kwa sauti ndogo, kwamba Tarishi amepita, ataingia zamu wiki ijayo, na yadi haitapata mbwa kwake. Nikamwambia ayarudie hayo wageni wake wasikie. Akayarudia.

Walipoondoka nilitaka kwenda nyumbani. Kocha akaniita. Alikuwa na kamba mkononi, amesimama kwenye banda la kwanza. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile. Mbwa wote wa pale wanatumia dambeli walizoachiwa na Mama, na hakuna hata mmoja aliyetazamwa mdomo tangu Mama alale.

Nikamwambia mimi si mtu wa mbwa.

"Najua, mzee. Shika kichwa."

Nikashika. Wa kwanza alikuwa salama. Wa pili dambeli yake ilikuwa sawa, ila ilikuwa na mpasuko wa kukata ulimi, Kocha akaitupa upande wa takataka. Banda la tatu kulikuwa na jike kubwa lenye chonge iliyovunjika, na hakuna aliyejua imevunjika lini. Liliniuma mkononi. Nikalitukana, nikamtukana na Kocha, na Meneja, na ugonjwa, mpaka sauti ikanikauka. Kichwa sikukiachia. Kocha alikuwa ameinama anapima.