Kikao Kilichofungiwa Komeo

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa ofisi ya ustawi wa jamii pale Mtwara, na kazi yangu ilikuwa watoto walioitwa watundu kupita kiasi. Nilitakiwa kuwaunganisha mzazi, mwalimu na hospitali, kila mmoja asimvute mtoto upande wake. Watu walifupisha cheo changu wakaniita Ustawi.

Binti mmoja wa kijiji cha Mtawanya, darasa la tatu, alinitoa jasho kuliko wote. Hakai. Katikati ya hesabu anaruka dirishani. Mara yuko juu ya mkorosho, mara kawafungulia kuku wa mwalimu mkuu. Bibi yake aliyemlea, mkulima wa korosho na mihogo, alisema mtoto ana jini. Mwalimu mkuu, mama aliyehamia kwetu kutoka Moshi, alisema mtoto kakosa fimbo. Muuguzi wa afya ya akili alisema mtoto ana mwili usiotulia na akili nzima kabisa.

Watatu hawa hawakuwahi kuonana. Walisemezana kupitia kwangu, nami nikiyapoza maneno njiani. Mwalimu akisema, "Mwambie yule bibi mjukuu wake ni balaa," nilifika kwa bibi nikasema, "Mwalimu anakusalimu sana, anasema mtoto ni mchangamfu." Bibi akisema, "Huyo hajui kulea hata paka," nilirudi shuleni na salamu za upendo pamoja na papai. Papai nililichuma kwangu.

Mwisho nikaitisha kikao. Tulikaa kwenye stoo ya shule, maana ofisi ilikuwa inapakwa chokaa. Mtoto tukamwambia asubiri nje. Hatujamaliza hata kusalimiana, tukasikia komeo la mlango: kla!

"Fungua!" mwalimu akafoka.

Jibu likawa kicheko na vishindo vya miguu vikitokomea. Wanafunzi walishaondoka, dirisha lina nondo. Mwalimu alitikisa mlango mpaka akachoka, akakaa juu ya gunia la mahindi. Wakaanza kuzungumza, nami nikaanza kuogopa.

"Nwalimu, nashukuru ulivyonsifia ntoto wangu, kwamba nchangamfu," bibi akasema.

"Nimesema nini? Hata hivyo, asante kwa lile papai."

"Papai gani? Kwangu hakuna mpapai."

Wote wakanigeukia. Nikajifanya nakagua nondo.

Muuguzi ndiye aliyeanza kucheka, bibi akafuata. Mwalimu aliushikilia uso wa kazi kwa kitambo, naye akashindwa. Baada ya hapo yakaja maneno ya kweli. Bibi alisema tangu mama wa mtoto afariki, mtoto akitulia tu anauliza mama atarudi lini. Kwa hiyo nyumbani hakuna anayethubutu kumwambia akae. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa khanga ya bibi bila kuomba ruhusa.

Mara uso ukachomoza dirishani. "Mmemaliza kunisema?"

"Bado," muuguzi akajibu. "Tusaidie. Darasani unajisikiaje?"

Akafikiri. "Miguu inawasha. Nikikimbia inapoa."

"Ikikuwasha nyoosha mkono," mwalimu akasema, "nenda kamwagilie miche, kisha urudi. Urudi, umesikia?"

"Na fimbo?"

"Hakuna," mwalimu akajibu.

"Apa."

"We ntoto!" bibi akang'aka. Lakini mwalimu aliapa, haki ya Mungu, na komeo likafunguliwa.

Mtoto hakugeuka malaika. Miche ya shule ilimwagiliwa mpaka mingine ikaoza. Bibi aliendelea kumnywesha kombe, yale maji ya kuoshea aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani. Muuguzi alisema halina ubaya, mradi kliniki asikose. Mwalimu na bibi wakaanza kutembeleana bila mimi, jambo lililoniuma kidogo. Mchana mmoja niliwakuta uani kwa bibi wakimenya mihogo, mtoto kalala mkekani, kinywa wazi. Nikafungua mdomo niulize maendeleo.

"Shii!" wakanikemea wote wawili. "Usije ukamwamsha."