Baba Mkwe Katika Chumba cha Upasuaji

Andendekisye wa Uyole ana mdomo, sokoni hawabishani naye wakashinda. Mbele ya baba mkwe, hata kikohozi hana. Amelelewa Kinyakyusa cha zamani: mkamwana hatazamani na baba wa mumewe wala hasemi naye, na akiisikia sauti yake hujibanza nyuma ya ukuta, akatulia tuli mpaka mzee apite. Wasichana wa siku hizi wanamcheka. Yeye ameishi hivyo tangu aolewe, na hakuona shida.

Shida ililetwa na gunia. Lilimwangukia kutoka juu ya lori la viazi, pingili ya uti wa mgongo ikapasuka, na hospitali moja pale Mbeya ikasema afungwe vyuma. Mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja tu: Gerson, mdogo wa baba wa mumewe. Kwa desturi, huyo naye ni baba mkwe.

Mashine ya kufuatilia mishipa ya fahamu hapakuwa nayo. Vyuma vikishakazwa, dawa ya usingizi ingepunguzwa, mgonjwa azinduke kidogo, aambiwe achezeshe vidole vya miguu. Akivichezesha, mishipa iko salama. Asipovichezesha, vyuma vinafunguliwa haraka, na huenda asitembee tena. Gerson, kwa heshima zake, hakumkaribia mkamwana. Alimtuma nesi Blandina akamfanyishe mazoezi wodini.

"Nikikuita, mama, wewe chezesha vidole tu," Blandina alimwambia.

Siku yenyewe Blandina akaitwa chumba cha pili, kuna mzazi anatoka damu.

Andendekisye alizinduka amelala kifudifudi, mpira kooni, kichwa kizito, hajui yuko wapi. Akasikia, "Andendekisye, chezesha vidole." Ilikuwa sauti ya baba mkwe. Mwili ukafanya ulichozoea, ukatulia tuli.

Ikaita tena. Akazidi kutulia. Alitaka kujifunika uso, mikono haikumsikia. Alitaka kukimbia, na hapakuwa na pa kukimbilia. Aliogopa kuliko siku aliyoangukiwa na gunia.

"Hakuna kitu," alisema daktari wa upasuaji. "Tufungue vyuma."

Hapo ndipo mazoezi ya wodini yalipomrudia, akaelewa kwamba wanaingojea miguu yake. Mkamwana hamwitikii mkwe. Lakini mkamwana asiye na miguu atajibanzaje nyuma ya ukuta? Alijisukuma kwa nguvu zote, na woga ukambana palepale.

"Subiri kidogo, daktari," alisema Gerson. Akainama mpaka sikioni kwake. "Mwanangu, nimegeuza uso. Sikuoni. Chezesha."

Andendekisye alijua mzee anadanganya. Mtu aliyeshika pumzi zako hawezi kugeuza uso. Akalia bila sauti, akaona aibu ya maisha yake yote, kisha akavichezesha vidole, mguu huu na mguu huu, baba mkwe akimtazama.