Nilivyokikataa Chumba cha Juu ya Duka

Kaka alinileta Birmingham nimsaidie mkewe kulea watoto. Miezi sita tu, alisema. Huu ni mwaka wa nne. Nalala chumba kimoja na mabinti zao wawili, naamka kabla yao, nawavika, nawapeleka shule, nafua, napika. Nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na mtu akiuliza mimi nafanya kazi gani, wifi ananijibia: "Huyu ni wa nyumbani." Mwanzoni nilifurahi kuitwa hivyo. Sasa neno hilo linanikaba. Wa nyumbani hana likizo, na hana pa kushtaki, maana atamshtaki nani, ndugu yake?

Mahali pekee nilipokwenda peke yangu ni sokoni, kila Jumamosi, na hapo pia nilitumwa. Wifi ana wageni kila Jumapili. Zamani aliwapikia pilau, yaani nilipika mimi yeye akapokea sifa. Siku moja akaalikwa mahali akala chakula cha Kisyria, akarudi anaona pilau ni ushamba. Basi nikapewa orodha, nikapanda basi mpaka Coventry Road, nikaingia duka la mama mmoja Msyria, mjane, umri wake kama wa mama yangu mdogo.

Jamani, lile duka! Biringanya ndogo zilizoshindiliwa kokwa za jozi na pilipili, zimelala ndani ya mafuta. Asali ya komamanga, nyeusi, chachu mpaka taya zinauma. Ngano iliyovunwa mbichi ikachomwa, inanukia moshi. Mama yule alinifundisha kutoboa vile viboga vyembamba bila kuvipasua, nivijaze wali na nyama. Nilipasua vingi. Hakunikaripia hata mara moja, na mimi nilikuwa nimeshasahau kufundishwa kitu bila kukaripiwa.

Jumamosi hizohizo alikuwa akipokea watalii, watu wa miji mingine waliotaka kujua soko la Kisyria. Anawapitisha duka hadi duka, wanaonja, wananunua, kisha anawalisha nyuma ya duka lake. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Changu si haba, kwa hiyo nikaanza kumsaidia kueleza. Nilichelewa nyumbani nikasingizia basi.

Siku moja mgeni mmoja, Mwingereza, alitaka kulipia nyama. Muuza nyama akamwambia aache tu, hiyo ni juu yake. Yule bwana akashukuru, akachukua nyama, huyoo akaenda zake. Mama Msyria akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Baadaye akanieleza kwamba maneno yale ni heshima tu. Mtu akikwambia acha, unakataa. Akirudia, unakataa tena. Mimi nilicheka sana, maana kwetu Tanga ni yaleyale. Ukimkuta mtu anakula atakwambia karibu, nawe utajibu starehe na kupita zako. Ukikaa kwa karibu ya kwanza, utasemwa mtaa mzima. Nikamwona mama yule ni mtu wa kwetu kabisa.

Ndipo Jumamosi moja, tunaosha sahani, akaniambia: "Njoo ufanye kazi na mimi. Juu kuna chumba kitupu, kina ufunguo wake." Nikashika sinki. Chumba changu, na ufunguo wangu! Mdomo wangu ukasema, "Hapana mama, usijisumbue." Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Jumamosi iliyofuata akaniuliza tena. Nikasema nashukuru, nisije nikakubana. Ya tatu aliniuliza akiwa ananitazama usoni, na mimi, mpumbavu mimi, nikaona bado ni mapema kukubali. Nikamwambia, "Mungu akuzidishie, mama." Nikarudi nyumbani natabasamu ndani ya basi. Wiki ile nilizikunja nguo zangu zote nikazipanga ndani ya begi chini ya kitanda. Mara ya nne ningekubali.

Jumamosi hiyo nilikuta dada mwingine amevaa aproni, anawaeleza wageni habari za biringanya. Alikuwa mtu wa Lozells, mtaa mwingine wa humohumo Birmingham, mchangamfu, Kiingereza kinamtiririka. Nilingoja wageni waketi kula, nikamfuata mama nyuma.

"Chumba je?" nikamuuliza.

"Huyu dada amehamia Alhamisi." Akanishangaa. "Si ulikataa?"

"Nilikuwa nataka."

"Nilikuuliza mara tatu, mwanangu."

"Nilidhani ni ile heshima yenu. Ile ya muuza nyama."

Akakaa juu ya kreti. "Ile ni ya nyama," akasema taratibu. "Mtu hatoi chumba kwa heshima." Machozi yakamlenga, na mimi nikaanza kumbembeleza yeye, nikimwambia hamna neno, mama, hamna neno kabisa. Kumbe lilikuwepo. Nilikuwa na hasira na adabu zangu zote, na walionifundisha, na mimi mwenyewe zaidi. Nikanunua viboga vya wifi nikaondoka.

Jumapili wageni walikula mpaka wakalegea. Mmoja wao akanitazama, akasema mtu anayepika hivi atakuja kuibwa na hoteli. Wifi akacheka: "Aende wapi? Huyu ni wa nyumbani." Nilikuwa nimesimama na sinia mikononi. Nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Nataka kuhama."

Kaka akainamia sahani yake. Wifi alinitazama kidogo, kisha akawageukia wageni, akatabasamu.

"Anatania huyo," akasema. "Hebu ongeza viboga, wageni wanangoja."

Nikaenda jikoni kuviongeza.