Dawa ya Belinda

Belinda wa saluni ya Utemini alikuwa na nywele za mawimbi, nyeusi, zinazolala zenyewe bila kubembelezwa, na kwa nywele hizo alijenga jina. Mteja akimuuliza anapaka nini, alinyooshea kidole kopo la dawa aliyokuwa akiichanganya mwenyewe nyuma ya pazia. Ni hiihii anayowapaka wao, alisema. Tofauti ni kwamba yeye alianza mapema.

Febronia, muuza mafuta ya alizeti wa mtaa huohuo, aliamini. Mtu mzima na akili zake, anayejua mafuta yaliyochakachuliwa kwa kunusa tu, aliamini. Miaka minne alikaa kwenye kiti kile akiungua kichwa mpaka machozi, Belinda akimwambia avumilie, ikiwasha ndiyo inashika. Alichoambulia ni nywele zilizonyooka kama nyuzi za gunia, vidonda nyuma ya masikio, na paji la uso lililopanda kuelekea utosini. Akilalamika, aliambiwa kichwa chake kigumu. Naye alikubali, akarudi na kichwa kigumu hichohicho mwezi uliofuata.

Sasa ilikuwa zamu ya binti yake, Happiness, wa darasa la sita. Kipaimara kilikuwa Jumapili, na mama alishamwekea nafasi Jumamosi. Mtoto alilia kwamba anazitaka nywele zake zilivyo. Mama akamuuliza ushamba huo ameutoa wapi.

Jumatatu ya wiki hiyo bibi yake Belinda akafariki huko kwao Misigiri. Wateja wakakodi gari wakaenda kuzika, na baada ya mazishi Febronia akabaki hukohuko na wenzake wachache kusaidia kupika. Siku ya tatu, kwa desturi ya ukoo ule, wafiwa wa damu wakaketi uani wanyolewe. Vilemba vikavuliwa.

Febronia alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikasimama. Mashangazi watano kwenye mkeka, wote mawimbi. Vitoto vinavyotambaa, mawimbi. Shangazi Severina, bibi wa miaka themanini, mvi zake zimejikunja mawimbi mpaka shingoni. Febronia akamsogelea kwa adabu zote.

"Shikamoo bibi. Poleni na msiba. Hizi nywele huwa mnapaka dawa gani?"

Bibi akamtazama kama aliyeulizwa mbuzi hupaka nini kwenye pembe. "Marahaba. Dawa ya nini, mwanangu? Ndivyo tulivyozaliwa. Mimi naogea sabuni ya kufulia."

Hatua mbili kutoka hapo Belinda, akiwa chini ya wembe, aliinamisha kichwa mpaka mnyoaji akamwambia atulie asije akakatwa. Msibani si mahali pa kumtukana mtu, hata anayestahili. Febronia akarudi kwenye vitunguu vyake, akavimenya kama vilimkosea.

Jumamosi Belinda akafungua saluni, kilemba kimebana mpaka nyusi. Viti vilijaa. Aliwaambia wateja wasihofu, nywele zake zitarudi, dawa si ipo? Mara Febronia akaingia na Happiness, mtoto kasukwa mistari ya nywele zake mwenyewe, nadhifu. Febronia mwenyewe alikuwa kipara kinachong'aa. Belinda akavuta kiti, akachukua kopo.

"Liweke chini, mdogo wangu," Febronia akasema. "Hatukuja kupaka. Wewe umenyoa wiki hii, na mimi nimenyoa wiki hii. Usipake kitu, na mimi sipaki. Ukoo wako nimeuona Misigiri, vikongwe na vichanga. Kila Jumamosi nitakuja nikae hapa, hawa wenzangu watazame vichwa viwili, waone kila kimoja kinaota nini."

Akavuta benchi, akakaa, akampisha mwanawe naye akae.

Belinda alibaki amelishika kopo. Mteja aliyekuwa ameshapakwa nusu kichwa akainuka, akauliza bomba liko wapi.