Mkuu wa Kalamu

Kalista, mama yake Nice, alilima maharage huko Murusagamba na kutunga michezo ya kuigiza ya kigango, kanisa lao dogo la kijijini. Ubaya wake ulikuwa mmoja: pale Injili inaponyamaza, yeye hakuona sababu ya kunyamaza. Mwaka huu aliandika arusi ya Kana, akamtia humo shangazi wa bibi arusi, mwanamke mwenye mdomo, aliyewagawia watu wa ukoo wake divai mpaka mitungi ikakauka.

Katekista Anatoli aliposoma alifura. Alimwita akamwambia kwamba Yohane hakumtaja shangazi yeyote, na anayeongeza neno katika Maandiko anajitafutia laana.

"Mwalimu," Kalista akasema taratibu, "umewahi kuona arusi isiyo na shangazi?"

Anatoli akatoa hukumu. Shangazi afutwe, la sivyo hakuna mchezo siku ya sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango. Na yeye mwenyewe angeigiza mkuu wa karamu, ili Injili isichezewe. Kalista akamfuta, roho ikimuuma kama aliyemfukuza mgeni mlangoni. Tena aliogopa. Kila aliposali rozari alijiuliza kama kweli amemsingizia Bwana, yeye aliyempenda kiasi cha kutaka kujua siku ile nani alikuwa jikoni.

Sikukuu ikafika, kanisa likajaa. Anatoli akatokea na kanzu nyeupe, akaonja divai, akajitambulisha kwa sauti ya mahubiri: "Mimi ndiye mkuu wa kalamu."

Masikini, ulimi wake haukuwahi kutenganisha l na r. Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Anatoli akaduwaa, na Injili yote aliyoikariri ikamtoka. Akatazama huku na huku, jasho likimtiririka, mwisho akawanyoshea kidole akina mama, akafoka kwamba divai ya kwanza imemalizwa na shangazi wa bibi arusi, na asipochungwa ataimaliza na hii.

Wazee waliokuwa wakisinzia tangu misa wakaamka. Mmoja akaapa kwamba anamfahamu shangazi huyo. Sasa kila mtu alielewa Bwana aliwaokoa wale maarusi na aibu gani, wakapiga vigelegele vya arusi ya kweli.

Baadaye Kalista alimwamkia Anatoli shikamoo, kisha akamwuliza shangazi yule yuko mstari wa ngapi.

Anatoli aliitikia, akajifuta uso kwa kanzu. "Mama Nice, shangazi abaki," akasema. "Na huo ukuu wa kalamu, uchukue wewe."

Safari hii ulimi wake haukukosea.